Mahali pa Maoni

Saa kumi na mbili na robo nashuka ziwani na daftari,
ndara mkononi, kwa sababu tope la Mpeketoni
halimrudishii mtu kiatu kwa hiari.
Mti wa kipimo umesimama majini, rangi imebabuka
kuanzia sitini hadi sabini.
Jumanne: mia moja arobaini na moja.
Leo Ijumaa: mia moja thelathini na mbili.
Naandika kwa penseli; wino hulia ukilowa.

Sentimita tisa. Kidole changu cha kati, pamoja na ukucha.
Ofisini watasema si kitu, limepumua tu.
Lakini ufuko wa huku umelala kama sinia,
na sinia ukiliinamisha kidogo tu
mchuzi wote hukimbilia upande mmoja.
Maji yamerudi nyuma hatua ishirini na sita.
Nimezihesabu.

Na pale yalipotoka yameacha vyombo:
visahani vya mchanga, ubavu kwa ubavu,
kila kimoja sawa na mfuniko wa sufuria.
Perege dume huvichimba kwa kinywa,
hutema mchanga nje, hurudi, hutema tena,
kisha hufagia kwa mkia, akasimama katikati
amevaa weusi wake wa harusi,
akimngoja mke ambaye hajamwona bado.
"Harusi arobaini na saba," akasema Komora,
akizinyooshea kasia moja moja,
"na hakuna hata moja iliyoliwa pilau."

Komora wa Buya, aliyeletwa hapa mgongoni toka Tana,
huongea na maji kwanza, ndipo na watu.
"Walioolewa juzi wamepona. Mama huyabugia mayai yote,
akafumba kinywa, akahama nayo kilindini.
Siku kumi na mbili hali, hatafuni.
Ziwa likishuka, hushuka nalo.
Ila dume, kiwanja chake ni hiki hiki cha magotini.
Atalinda shimo tupu mpaka mgongo uone jua."
Na korongo, nikauliza, wanajua?
Akacheka. "Hao ndio wa kwanza kusoma kipimo chako."

Ng'ambo pampu ikaanza kukohoa.
Sikuweza kuilaani.
Maji yale hupanda kilima, hushuka kwa bomba,
hunifikia mlangoni;
jana magharibi nilimwogesha Nyaguthii kwa hayo,
beseni la buluu, lita kumi na tano,
na alipoyapiga teke yakamwagika sakafuni
niliyatazama yakiingia ufa kwa ufa
nikawaza: hapo imekauka sahani ya nani?

Fomu ina safu ya tarehe, safu ya saa, safu ya sentimita.
Mahali pa maoni hapazidi upana wa dole gumba.
Mwezi uliopita niliandika: mvua ya usiku mmoja,
ziwa limeruka thelathini, maji mekundu,
mashimo yote yamefukiwa.
(Yaani hata kujaa kuna namna yake.
Nani hutandika kitanda katikati ya mafuriko?)
Bwana wa ofisi alipapiga mstari, tena kwa rula.
"Takwimu tu, mama."
Leo nimeandika tena, herufi ndogo za mchwa:
mashimo 47, makavu.

Nikiondoka nikakuta unyayo wa kiboko
umebaki na maji yake, mafupi kama kikombe,
na ndani vitu vyembamba mfano wa kope
vikizunguka, vikizunguka,
vikitafuta kinywa cha mama.
Nikamwaga chai yangu. Nikasuuza kikombe mara mbili.
Nikateka.

Hatua ishirini na sita, tope likininyonya visigino.
Komora aliniita, sikuitika.
Njia nzima nilifumba midomo,
kana kwamba ningetamka neno
wangemwagika.